Hodi kwenye Nyumba Tupu

Wewe unayesoma umepita mtaa ule, ukasifu milango, ukaenda zako. Usijitie hujui.

Bi Zuwena alianza kutembelea miji ya kale baada ya kustaafu, na hakuwa na raha nyingine. Kama kila mgeni, alivaa miwani inayoonyesha mji ulivyokuwa zamani. Anayeivua hakanyagi tena mji wowote wa kale.

Siku hiyo alifika kwenye nyumba yenye mlango wa nakshi, na kwa jinsi alivyolelewa, hakuweza kuingia kimyakimya.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," sauti ya mwanamke ikaitika.

Miwani ilimwonyesha ukumbi mtupu. Lakini alisikia nazi ikikunwa.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Mbele yako, bibi. Miwani yenu inatufuta, eti tunaharibu historia. Nyumba ambamo mgeni hajaona mtu mwaka mzima huhesabiwa tupu. Sisi tunatolewa kesho."

"Hakuna aliyewahi kupiga hodi?"

"Thubutu! Wanajiingilia tu. Juzi mmoja alimkalia mume wangu mapajani, wala hakuomba radhi."

Bi Zuwena alicheka, kisha akaikumbuka Kilwa, alikopanga kwenda mwezi ujao. Akavua miwani.

"Nimekuona," alisema. "Hebu sogea nikae."

Nje filimbi ya walinzi ikalia. Wageni wengine waliendelea kupiga picha, wala hakuna aliyegeuka.

Nyumba ya jirani nayo ina watu. Vua miwani yako, piga hodi. Sasa hivi, si kesho.