Nyegere Aangushwa na Konokono

Ni habari za Nyegere, bingwa wa ngumi wa nyika nzima, aliyestaafu ili apate kulala. Hakulala. Kila kijana alitaka kujisifu kwamba amemwangusha bingwa, hivyo alfajiri Mbweha aligonga mlango, na kabla uji haujapoa Ngiri naye keshafika, anataka ngumi.

Maumivu ya mgongo yalipomzidi, Nyegere alimwendea Konokono.

"Mdogo wangu, kesho mbele ya wote niegemee kidogo tu kidevuni. Nitaanguka, utakuwa bingwa, na hawa wakorofi watahamia kwako."

"Wataniua, kaka!"

"Si una nyumba mgongoni? Ingia, ujifungie."

Kesho yake Konokono aliegemea, Nyegere akaanguka puu, na vijana wakahamia kwa bingwa mpya, wakawa wanaumiza ngumi zao kwenye gamba. Nyegere akalala fofofo mpaka akachoka kulala. Alipotoka kwenda kisimani, Nyani alimzuia njiani.

"Kaa pembeni, mzee. Bingwa anapita."

Nyegere akakaa pembeni asubuhi nzima, maana Konokono ndiye aliyekuwa akipita.

Konokono alipofika karibu, Nyegere alimnong'oneza, "Mdogo wangu, nimeshapumzika. Sasa zamu yako kuanguka."

"Nianguke niende wapi, kaka?" Konokono akashangaa. "Mimi niko chini tangu nizaliwe. Lakini kama unataka kujaribu, wenzako wamepanga foleni kule."

Nyegere akaguna, akaenda kusimama mwisho wa foleni, akaanza kupasha misuli moto.