Sefu, Raya, We Tunu

Siku hizi marehemu huruhusiwa kubaki nyumbani miaka saba, kama sauti ndani ya kisanduku cha kompyuta. Cha mama kilikuwa kikipata joto na kuzimika katikati ya maneno, nikamwita fundi Shomari. Aliipunguzia prosesa kasi, akaipaka grisi ya kupoza, akakiwasha kisanduku.

"Imetulia, dada. Na lile kosa la kuchanganya majina nimeliondoa."

"Kosa gani?"

"Kila akikuita alikuwa anaanza, 'Sefu, Raya, we Tunu.' Prosesa ilikuwa inababaika."

Mama alituita hivyo tangu utotoni, hata baada ya kuwazika kaka yangu Sefu na dada yangu Raya.

"Tunu," kisanduku kikaita, "umekula?"

Ilikuwa mara ya kwanza mama kuniita peke yangu.

"Nimekula," nikajibu, huku nikiwasikilizia wenzangu.