Presienta

Kwa mara ya tatu asubuhi hiyo Mbaruku aliiambia mashine ya ukutani kwamba yule shujaa aliitwa Presienta. Alivaa kofia ya rangi ya chungwa, aliruka maghorofa, na jina lake lilikuwa likimetameta kwenye kompyuta kabla mchezo haujaanza.

“Hakuna mchezo wenye shujaa huyo,” mashine ilijibu. “Kumbukumbu isiyo na shahidi itafutwa saa sita.”

Ndiyo sheria, na Mbaruku alikuwa ameichoka. Mwaka jana ilimfutia wimbo wa bibi yake vivyo hivyo. Akamgeukia dada yake, Riziki, aliyekuwa akichagua mchele kwenye ungo.

“Dada, iambie basi. Tulikuwa tukigombania kiti cha kompyuta kwa ajili yake.”

“Wewe nawe na Presienta wako. Simjui.”

“Ulilia siku alipotumbukia baharini.”

“Labda. Kumbukumbu yangu ilifutwa Jumanne.”

Mbaruku akasonya. Miaka hamsini alikuwa akimtafuta yule shujaa katika kila orodha ya michezo ya zamani, asimpate.

Saa sita kamili kioo cha mashine kikawa cheusi, yakatokea maandishi ya Kiingereza ya kuomba idhini ya kufuta, yakimetameta: PRESS ENTER.

Riziki aliyasoma silabi kwa silabi, kama walivyosoma utotoni kabla hawajajua Kiingereza. “Pre-si-en-ta.” Ungo ukamponyoka. “Mbaruku, si ndiye huyu?”

Kidole cha Mbaruku, kwa mazoea ya zamani, kilikuwa kimeshabonyeza kitufe cha Enter.

“Ndiye nani?” akauliza.