Nakala ya Bwegera

"Programu iko ya bure, Prof. Data inakaa ku mashini mingi, kila moja na nakala yake," Consolate alisema, akitetea mada ya utafiti wake.

"Hapa Uvira haiwezekani. Tafuta sujet ingine," Profesa alijibu, akaipiga karatasi msalaba mwekundu. Mlangoni, wanafunzi waliosubiri zamu yao waliinamia simu zao, wakituma habari.

Wino haujakauka, mkewe akapiga simu kutoka soko la Kavimvira. "Juu ya nini unakatalia ule mutoto sujet yake?"

Alipokata tu, akapiga mama mkwe, kutoka Bwegera. Profesa alisimama wima kumsikiliza. "Nasikia umemufukuza ku masomo."

Akaketi taratibu. "Nakala mbili za habari moja, na hazifanani."

"Njo hiyo nilitaka kuchunguza, Prof."