Uji wa Plastiki

Nilichovya kijiti kwenye uji wa plastiki, nikavuta. Uzi ulitoka mnene huku, mwembamba kule, ukakatika kabla haujafika usawa wa kifua changu.

Mzee Haroub, mwenye karakana yetu hapa Temeke, alikuwa amechanganya ndoo kuukuu na mifuko, maana plastiki safi ilimshinda bei. Mnunuzi wa ndoo zetu alisimama pembeni. Asipoagiza leo, tunafunga. Ndoo za kutoka nje zilikwishatumaliza.

"Mwanangu," mzee aliniambia kwa upole, "wewe ndiye uliyeisomea plastiki, mweleze mgeni itakavyotiririka."

Akina mama wachambuaji wa plastiki chakavu waliacha kuchambua.

"Haitakwenda pamoja," nikasema. "Ya mifuko itatangulia, ya ndoo itachelewa. Ndani ya kalibu ya ndoo zitalala ubavu kwa ubavu bila kushikana. Mtu akijaza maji, kitako kitaachia."

Mnunuzi akashika mkoba wake, akaaga.

"Haya, dada msomi, kaipike hiyo diploma wanetu wale!" mama mmoja akafoka.

Mzee Haroub alizima mashine. Uji ukaanza kuganda mdomoni mwa mashine.

"Waombe radhi wenzio," akasema.

"Siwaombi, mzee."