Puti Chini ya Rangi

Mnunuzi alipiga magoti mbele ya gari, akatoa sumaku mfukoni na kuanza kuipitisha juu ya boneti, taratibu, kama mtu anayepiga pasi. Upande wa kulia ilishika. Katikati ilishika. Upande wa kushoto, juu ya taa, iliteleza ikaanguka chini.

"Hapa palibonyea, pakazibwa kwa puti," alisema.

Mwenye gari aliiokota sumaku, akamrudishia. Hapo hapo ndipo walipokwama wote. Wanunuzi kumi walishakuja, wakagonga boneti kwa kidole, wakauliza, wakajibiwa kwamba ni nguzo ya geti, wakasema watapiga simu. Hakuna aliyepiga. Bei ilikuwa imeshuka mpaka inatia aibu kuitaja. Na asubuhi ile mkewe alikuwa ametoa neno la mwisho: ikifika jioni, ama gari litoke uani, ama atafungasha virago atoke yeye. Miezi kumi na moja mama huyo hakuwa amekanyaga ndani ya gari lile. Hata mvua ikinyesha alikwenda sokoni kwa miguu.

"Ni nguzo tu hiyo, fundi. Nilikuwa naingia nyumbani, nikaigusa."

"Usijali, mzee. Mimi silinunui kwa uzuri."

Akaeleza mpango wake. Alitaka kutengeneza gari la mashindano, yale ya mwisho wa wiki kwenye uwanja wa vumbi, ya watu wasio na pesa na wenye akili pungufu kidogo. Viti vitatoka vyote, kibaki kimoja. Zulia, redio, kiyoyozi, milango ya nyuma, kila chenye uzito kitupwe nje. Halafu atachomelea ndani kizimba cha mabomba ya chuma, gari likibiringika dereva asipondeke. Alitaka aina hii tu ya gari, kwa sababu ni jepesi. Hili lilikuwa la kumi na tisa kulikagua.

"Kumi na tisa! Unachagua gari au mchumba?"

Mnunuzi alitabasamu. Aliwasha injini, akaisikiliza, akakanyaga klachi, akaingiza gia moja baada ya nyingine. Mwenye gari alisimama pembeni, roho kwatu. Gari limekatwakatwa, limepakwa rangi mpya, limeandikwa namba kubwa ubavuni: nani atalitambua tena? Nusura amkumbatie yule mtu.

"Injini nzuri," mnunuzi alisema akishuka. "Shida yangu ni chesisi, ile fremu ya chini. Kizimba nakichomelea kwenye chesisi, sasa ikiwa imepinda hata kidogo, nikiingia kona kwa kasi gari linanivuta pembeni, nakufa. Nguzo ni kitu kigumu. Kama liligonga nguzo, chesisi imepinda. Samahani, mzee wangu, nimekupotezea muda."

Akatia sumaku mfukoni, akaelekea getini.

Pazia la jikoni lilicheza. Mwenye gari alijua nani yuko nyuma yake.

"Ngoja kwanza, bwana! Haikuwa nguzo."

Mnunuzi aligeuka. "Ilikuwa nini?"

"Mbuzi." Alicheka kidogo. "Nasema nguzo kwa sababu watu wakisikia habari za damu wanaingiwa na kinyaa."

"Mbuzi afadhali. Mbuzi ni laini." Mnunuzi alirudi akachuchumaa palepale, kiganja juu ya puti. "Spidi ngapi?"

"Themanini hivi. Si unaujua ule mteremko wa kiwandani, gari linajiendea lenyewe."

"Ulifunga breki?"

"Kwani inahusu nini?"

"Inahusu sana. Ukifunga breki pua ya gari inainama, pigo linaingia chini, kwenye chesisi. Usipofunga, linaishia juu kwenye boneti."

Mwenye gari alikaribia kupiga makofi. Miezi yote hiyo amekuwa akidanganya bure, kumbe ukweli ndio unaouza!

"Sikufunga," alisema. "Si kabla, si baada. Nisimame kwa ajili ya mbuzi? Nilikuwa nimechelewa kufungua duka. Hata kwenye kioo sikuangalia."

"Basi chesisi ni nzima." Mnunuzi alipitisha kidole ukingoni mwa puti. Alitoa bahasha ya pesa, akaiweka juu ya boneti, lakini mkono hakuuondoa. "Limebaki moja tu, uzito. Akiwa beberu mkubwa atakuwa amesukuma rejeta, nami sitaki kubahatisha."

Mwenye gari aliitazama bahasha. Kwa miaka ishirini ameuza dawa, akiwakadiria wateja dozi kwa macho tu, wakubwa kwa wadogo, na ni nadra kukosea.

"Beberu wapi! Alikuwa mdogo kabisa," alisema, na kujivuna kidogo kukamwingia. "Kilo ishirini. Hazizidi."

Mnunuzi alisimama, akapangusa vumbi magotini.

"Ishirini na mbili," alisema. "Tulimpima kliniki, mimi na mama yake, wiki hiyo hiyo."