Kombe Bila Maganda

Mpishi aliingiza kichwa ndani ya ndoo, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote, akainuka na tone la maji kwenye ncha ya pua. Hakupata kitu. Hata angenusa ukuta, ingekuwa yaleyale.

Ndoo ilijaa kombe za baharini, nyama tupu. Siku zote muuzaji alizileta kwenye gunia, kila moja ndani ya maganda yake mawili, na mpishi alikuwa na ujanja wake: akiona ganda limeachama, analigonga kwa kijiko. Kombe iliyo hai hujifunga papo hapo kama mkoba wa bahili. Isiyojifunga imekufa, inatupwa. Kazi ya jicho na mkono, pua haihitajiki.

Leo muuzaji, kwa wema wake, alikuwa amezimenya zote. "Nimekupunguzia kazi, kaka!" alisema, akatua ndoo, akaenda zake. Tangu hapo simu yake haipatikani. Barafu aliyoziwekea ilikuwa imeshageuka maji, na maji yenyewe yalikuwa vuguvugu.

Pua ya mpishi ilikufa mwaka jana. Mafua makali yalikuja, yakaondoka na harufu zote, hayakurudisha hata ya kitunguu. Mkewe peke yake ndiye aliyejua. Mpishi asiyenusa ni sawa na refa asiyeona. Nani atampa filimbi?

Akampigia mkewe.

"Mama watoto, nimekwama. Kombe zimekuja bila maganda."

"Sasa ninuse kwa simu? Ngoja basi nitoe sikio, niweke pua."

"Acha utani. Wageni wako njiani."

"Si una bosi? Mpelekee anuse. Mwambie unataka ridhaa yake kwa sababu wageni ni wazito."

Na kweli walikuwa wazito. Hospitali nzima ilikuwa inamuaga mganga mkuu anayestaafu: madaktari, wauguzi, mtu wa maabara, hadi dereva wa gari la wagonjwa. Hao wakiharibikiwa matumbo, wa kuwatibu nani? Fundi viatu wa jirani?

Bosi, yule mama mwenye mgahawa, alikuwa ukumbini akinyoosha vitambaa vya meza. Alijipulizia manukato kama mtu anayezima moto. Mhudumu alipiga chafya kila alipopishana naye, akasingizia vumbi. Mpishi aliyaona tu yakimeta shingoni. Ila alikuwa mama wa subira. Kuna siku maharage yaliungua mpaka yakawa makaa, na yeye na mpishi wamekaa jikoni humohumo wanapiga soga, hadi mhudumu alipoingia mbio kaziba pua kwa kitambaa. Bosi mwingine angefoka. Yeye alisema tu, "Maharage nayo yana siku zake."

Mpishi alimpelekea kombe chache kwenye kijiko.

"Mama, hebu zipitie. Wageni wa leo si wa kubahatisha."

Bosi hakukipokea kijiko mara moja. Alimtazama mpishi usoni, taratibu, kuanzia macho hadi mdomo.

"Wewe unazionaje, mwanangu?"

"Mimi... mimi sioni tatizo, mama." Wala hakudanganya. Kuona, hakuona.

Ndipo bosi akafumba macho, akainamia kijiko, akavuta pumzi ndefu ya kitaalamu.

"Safi kabisa. Bado zina bahari ndani yake. Pika."

Mpishi alipata nafuu, lakini nafuu yenyewe haikufika hata jikoni. Kombe zilimteleza vidoleni; sasa kombe gani haitelezi? Alilamba moja. Chumvi. Siku hizi kwake kila kitu kilikuwa ama chumvi ama si chumvi.

"Dada, hebu nusa hapa," alimwambia mhudumu.

"Si bosi kanusa? Mimi ni nani ninuse baada ya bosi?"

"Kidogo tu."

"Kaka, na manukato ya mama ya leo, hata ukinipa soksi yako nitasema ni waridi. Pika, watu wameshakaa!"

Basi akapika. Alikamua ndimu mpaka vidole vikamkunjamana, akatia kitunguu saumu kwa kiganja, akaacha sufuria ichemke mpaka mfuniko ukaanza kucheza. Alitamani kutoka akaseme ukweli. Angeanzaje? "Samahanini waheshimiwa, aliyewapikia ni kipofu wa pua"? Watoto wale nini kesho?

Sahani zikatoka.

Alichungulia mlangoni. Mganga mkuu alikuwa anafuta mchuzi kwa kipande cha mkate. Muuguzi mmoja aliomba aongezwe. Mpishi akajiegemeza ukutani, akajibembeleza kama mtoto: bosi kanusa, bosi kasema safi, yamekwisha.

Mara bosi akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akajitupa kwenye kreti la soda huku anacheka.

"Wameramba sahani! Wananipongeza mimi, na kazi yote ni yako." Akainama, akashusha sauti. "Nikupe siri, mwanangu, na isitoke jikoni humu. Pua yangu ilikufa zamani, kabla hata hujaja hapa. Ukiniletea kitu najifanya nanusa, kumbe naangalia uso wako. Leo nilikuona umetulia, roho ikatua."

Mpishi aligeuka kuitazama ndoo.

"Hebu nisimulie basi, baba," bosi alisema, akafumba macho na kutabasamu. "Zilikuwa zinanukiaje?"